Halloween ni Kesho na Mtoto Hana Vazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ikifika juma la mwisho la Oktoba, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wenzangu hapa Ohio, Marekani, wengi wao wametoka Uvira, Bukavu, Kigoma na Mombasa, na wapo waliofika mwaka huu huu. Swali lao ni moja: mtoto amerudi shule analia, kesho wenzake wote watavaa mavazi ya kuigiza, naye hana kitu. Nimelea watoto watatu huku tangu 2011, na karibu mavazi yao yote nimeyashona, nimeyakata au nimeyabandika jioni ya Oktoba 30. Nimeyakusanya maswali hayo na majibu yangu hapa, ili na yule anayeona haya kuuliza apate pa kuanzia.

Nimeambiwa leo saa tisa alasiri. Bado nina muda?

Unao wa kutosha. Vazi lolote nitakaloeleza hapa linakamilika kati ya dakika 25 na saa mbili, ukiwa na mkasi, pini na selotepu pana. Usitoke mbio kwenda dukani kabla hujafungua kabati lako. Jioni hiyo madukani yamebaki mabaki, saizi zisizomfaa mtu, na bei bado haijashuka.

Halloween yenyewe ni nini?

Ni Oktoba 31, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakristo wa Magharibi huiadhimisha Novemba 1. Jina limetokana na maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha huo. Kabla ya hapo Waselti wa Ireland na Uskoti walikuwa na sikukuu yao ya mwisho wa mavuno, Samhain, wakiamini kwamba usiku huo roho hutembea karibu na walio hai. Wahamiaji wa Ireland na Uskoti wakaja na mila zao Marekani karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga taa kwa mizizi minene jamii ya figili. Huku wakakuta maboga, makubwa na laini kuchongeka, na boga likabaki kuwa alama ya siku hiyo hadi leo.

Desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakipewa peremende ilienea miaka ya 1930. Ikafifia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu sukari iligawiwa kwa kipimo, kisha ikarudi kwa kishindo mgao ulipoisha mwaka 1947.

Nina dola tano tu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye nguo ambayo mtoto anayo tayari, ikiwezekana ya rangi moja: suruali na sweta nyeusi, pajama nyeupe, fulana ya kahawia. Halafu tengeneza kichwa. Ukisahau yote niliyoandika hapa, kumbuka hilo tu. Kichwa ndicho kinachosema mtoto ni nani. Mwenye nyumba anafungua mlango, anamwona mtoto kwa sekunde kumi kwenye mwanga hafifu, na jicho lake linakwenda usoni. Masikio mawili ya kadibodi na sharubu za penseli zinamfanya mtoto awe paka hata kama chini amevaa nguo zake za shule. Lakini mvalishe suti nzima ya bei kubwa halafu uache kichwa kitupu, kila mlango ataulizwa, "Na wewe ni nani?"

Kichwa kikishakuwa tayari, mpe kitu kimoja cha kushika mkononi. Kiwiliwili kiwe cha mwisho, kama muda umebaki.

Hili nilijifunza mwaka wetu wa pili huku. Nilikuwa nimemnunulia mwanangu vazi la simba kwa dola 35, pesa ambayo nyumbani ilikuwa na kazi nyingine. Zipu ikapasuka kabla hajamaliza kulivaa. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nikachukua boksi tupu la nafaka ya asubuhi, nikakata duara kama sahani, nikatoboa uwazi wa uso, na pembeni nikabandika vipande vya mfuko wa kaki vilivyokatwa kama manyoya. Nikamfunga nalo kwa utepe chini ya kidevu, juu ya sweta yake ya njano. Nyumba ya kwanza, bibi mmoja alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja na kusema, "Simba!" Mwanangu alinigeukia akiwa na uso ambao sitausahau.

Vifaa gani vinatosha?

Maboksi, mifuko ya kaki ya sokoni, magazeti, soksi zilizopoteza wenzake, shuka kuukuu, stokingi iliyochanika, hedibendi ya plastiki, foili ya jikoni. Vya kununua, kama huna: selotepu pana, pini zinazofungika zenyewe, na karatasi ngumu nyeusi. Kwenye maduka ya bei nafuu ya Dollar Tree utapata vitu vingi vya aina hii. Gundi ya moto inashika haraka kuliko zote, lakini ishike wewe mwenyewe. Inaunguza kidole cha mtoto hadi kutoa lengelenge.

Lazima vazi litishe?

Hapana. Huku utaona watoto waliovaa kama ndizi, wazima moto, nyuki na vitabu. Ukiwa na mtoto mwoga, usimlazimishe kuwa kitu cha kuogofya. Na kama ni yeye anayeogopa vinyago vya wengine, mkalishe nawe mezani akate na kupaka rangi kinyago chake mwenyewe. Wahenga walishasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, nami nimeliona hilo kwa binti yangu wa mwisho: alipojua jinsi meno ya zimwi yanavyokatwa kwenye boksi la maziwa, hofu ikamwisha.

Mzuka wa shuka unatengenezwaje bila kumwangusha mtoto?

Watu wengi hutoboa matundu mawili ya macho na kumfunika mtoto kichwa kizima. Mtoto akigeuza shingo, matundu yanabaki mbele na yeye haoni kitu. Fanya hivi: mfunike na shuka, weka alama penye uso kwa penseli, mvue, kisha kata uwazi wa uso mzima, ukubwa wa kisosi. Ndani ya shuka, utosini, shikiza kofia yake ya sufi kwa pini au nyuzi chache. Sasa shuka halizunguki, na kichwa kina joto. Uso upake rangi nyeupe kidogo na weusi kuzunguka macho.

Chini, kata shuka liishie juu ya vifundo vya miguu. Mikononi toboa pembeni atoe mikono, maana mtoto asiye na mikono hawezi kushika ngazi wala mfuko wake.

Mwanangu anataka kuwa mummy, ile maiti ya kale ya Misri iliyoviringishwa vitambaa. Nimviringishe karatasi ya chooni?

Usifanye hivyo. Karatasi inachanika nyumba ya pili, ikinyeshewa inageuka uji, na ikikaribia mshumaa inashika moto papo hapo. Chukua shuka jeupe kuukuu, ulichane vipande vya upana wa vidole vitatu. Uchane kwa mikono wala usikate, ili nyuzi zining'inie. Chemsha sufuria ya chai ya rangi, nzito kabisa, tumbukiza vipande kwa nusu saa, kamua na ukaushe kwenye mashine. Vitatoka na rangi ya sanda iliyokaa kaburini miaka elfu tatu.

Usimviringishe mtoto. Chukua pajama nyeupe au suruali na fulana nyeupe, ushikize vipande hivyo juu ya nguo kwa nyuzi au pini, vikizunguka kila mkono na kila mguu peke yake, na uache kiunoni pakiwa pamegawanyika. Mtoto atataka kwenda msalani, nawe utashukuru kwamba suruali inashuka kama suruali nyingine. Kichwani zungusha kipande kimoja kwenye paji la uso na kingine kidevuni, basi.

Sisi tuliokulia pwani tukisikia jina hili tunamkumbuka mumiani, yule mnyonya damu tuliyekuwa tukitishiwa naye ili tusizurure jioni. Maneno hayo mawili yana asili moja. Zamani mumiani ilikuwa ni ile dawa nyeusi iliyouzwa ng'ambo ya bahari kama utomvu wa maiti za Misri, na ndipo masimulizi ya damu yalipoanzia. Mweleze mtoto wakati vipande vinalowa kwenye chai.

Boksi kubwa naweza kulifanya nini?

Roboti, basi la shule, mashine ya kufulia, televisheni. Toa upande wa chini wote, juu toboa tundu la kichwa na pembeni matundu ya mikono. Chagua boksi lisilozidi mabega ya mtoto kwa zaidi ya kiganja kimoja kila upande, la sivyo hapiti mlangoni. Funika kwa foili, bandika vifuniko vya chupa kama vitufe. Kichwani weka boksi dogo lenye uwazi wa uso, au hedibendi yenye mirija miwili ya foili kama antena.

Boksi halivaliwi ndani ya gari. Mkanda wa kiti cha mtoto lazima ukae mwilini moja kwa moja, hivyo mvike mkishafika.

Kuna vazi la haraka kuliko yote?

Buibui. Nguo nyeusi juu na chini, na soksi nne ndefu nyeusi zilizojazwa magazeti. Shikiza mbili kila ubavu. Ukihesabu mikono yake na miguu yake unapata minane. Kisha funga uzi mweusi kutoka kifundo cha mkono wake hadi soksi ya juu, na kutoka soksi ya juu hadi ya chini; akiinua mkono, miguu yote ya upande huo inainuka. Kichwani, kofia nyeusi yenye macho ya karatasi nyeupe, mengi. Dakika 25 zinatosha.

La pili ni sanamu ya kuamia ndege, ile ya shamba la mpunga. Shati la drafti la baba, kofia ya ukindu, na mfuko wa kaki uliokatwa vijistari vyembamba vinavyochungulia shingoni, kwenye mikono na chini ya kofia kama majani makavu. Mashavuni duara mbili za rangi ya mdomo, na kando ya midomo vistari vya mishono kwa penseli.

Je, naweza kutumia wahusika wa hadithi zetu?

Natamani tungefanya hivyo zaidi. Mtoto wa hapa anajua mashujaa wote wa televisheni, lakini Sungura na Fisi hajawahi kuwaona wamevaa nguo. Sungura ni rahisi: masikio mawili ya kadibodi yenye urefu wa sentimita 20, yamebandikwa kwenye hedibendi, moja limekunjwa nusu kwa sababu anatega sikio. Mvike fulana na kikoti, mpe kibuyu au mkoba wa ukili begani, maana Sungura siku zote ana safari na ana hila. Fisi ni sweta ya kahawia yenye kofia, madoa ya selotepu nyeusi, na stokingi iliyojazwa magazeti kama mkia mfupi. Ndugu wawili wakienda pamoja, Sungura mbele na Fisi nyuma akiburuta mguu, ni mchezo wa kuigiza mtaa mzima. Abunuwasi naye anahitaji kilemba, kanzu na kichwa cha punda cha kadibodi juu ya fimbo ya ufagio.

Mwenye nyumba akiuliza, mtoto atapata nafasi ya kusimulia. Binti yangu alisimulia hadithi ya Sungura kwenye milango sita, kwa Kiingereza chake cha darasa la pili, na nyumba moja wakamwomba arudie ili babu aliyekuwa ndani asikie.

Kanga na kitenge je?

Kanga moja ni joho la shujaa tayari. Usiikate! Ikunje upande mrefu kwa nusu, shikiza pembe mbili kwenye mabega ya sweta kwa pini. Usiifunge fundo shingoni, maana joho likinaswa kwenye mlango au uzio, fundo linakaba, lakini joho la pini mbili mabegani halizunguki shingo. Joho liishie magotini, kamwe lisifike chini.

Lakini kumfunga mtoto lubega la Kimaasai au kumvika gomesi, lile gauni la Uganda, akajiita "Mwafrika" kwa Halloween, mimi siungi mkono. Hizo ni nguo za watu, na mtoto wako atazivaa arusini na kanisani bila kuigiza chochote. Vivyo hivyo usimvike kofia ya manyoya ya wenyeji asilia wa Marekani. Wao wenyewe wamelisema hilo mara nyingi, kwamba kwao ni vazi la heshima na si la mchezo. Na mtoto yeyote asipakwe rangi ya kumfanya afanane na watu wa ngozi nyingine. Katika nchi hii jambo hilo lina historia chungu ya michezo ya jukwaani ya karne ya 19 iliyowadhihaki watu weusi, na shule italichukulia kwa uzito.

Naweza kumpaka wanja usoni?

Swali hili nalipenda kwa sababu wengi wetu tuna kichupa cha wanja nyumbani. Kwa sharubu za paka, pua ya sungura na mishono ya sanamu, penseli ya kawaida ya macho inafaa sana. Ila wanja wa kienyeji, ule wa unga unaoletwa kutoka Uarabuni, Asia au nyumbani, usimpake mtoto. Wanja wa aina hiyo mara nyingi una madini ya risasi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijauidhinisha kutumika katika vipodozi. Mtoto anajifuta kwa mkono, mkono unakwenda mdomoni, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Rangi yoyote mpya ya uso mpake kwanza kidogo mkononi mara anaporudi shule, uangalie kama pamewasha au pamevimba. Afadhali uifanye siku moja au mbili kabla, ukijaliwa nafasi. Vijana nao wanapenda lenzi za macho zenye rangi za paka au za damu. Nchini humu ni kinyume cha sheria kuziuza bila cheti cha daktari wa macho, na zinazouzwa hivyo zipo kwa sababu wapo wanaovunja sheria. Kataa kabisa.

Shule wameandika barua sijaielewa: leo soksi za ajabu, kesho pajama. Hiyo ndiyo Halloween?

Hapana, na hapa wazazi wengi wapya hupotea. Kuanzia Oktoba 23 hadi 31 shule nyingi huadhimisha Red Ribbon Week, juma la kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Lilianza kwa kumbukumbu ya Enrique Camarena, ofisa wa Marekani aliyeuawa na wauza dawa Mexico mwaka 1985. Kila siku ya juma hilo watoto huvaa kitu fulani: siku ya rangi nyekundu, siku ya soksi zisizofanana, siku ya pajama. Halihitaji vazi la kununua.

Halloween yenyewe shuleni ina kanuni zake. Shule nyingi hukataza vinyago vya kufunika uso, damu ya kuigiza, na kitu chochote kinachofanana na silaha, hata upanga wa kadibodi. Nyingine haziadhimishi kabisa, au hugeuza ikawa siku ya wahusika wa vitabu. Mpigie mwalimu au mwombe mwanao mkubwa akusomee barua mpaka mwisho.

Dini yetu hairuhusu. Mtoto atatengwa?

Si wewe peke yako. Familia nyingi za Kiislamu hazishiriki, na makanisa mengi pia. Andika mistari miwili kwa mwalimu ukieleza, naye atapanga shughuli nyingine, wamezoea. Makanisa kadhaa hufanya sherehe ya mavuno, au hukusanya magari uwanjani, buti zikiwa wazi na peremende ndani, watoto wakipita gari kwa gari mchana. Jirani yangu kutoka Uvira hukaa na wanawe nyumbani, akapika mandazi na kusimulia hadithi, na watoto wake hawana huzuni yoyote. Usikubali mtu akuambie unamnyima mtoto utoto wake. Na usimwone mwenzako anayeshiriki kuwa amepotoka.

Baridi inakaribia sifuri. Vazi litaonekanaje chini ya koti?

Vazi livaliwe juu ya koti, si chini yake. Ndiyo maana napendekeza kichwa kwanza, maana kofia ya sufi inaweza kuwa kichwa cha chochote. Chagua vazi pana: mzuka, boksi, joho, sanamu ya ndege. Koti jeusi lenyewe ni buibui. Watu wa Minnesota bado wanasimulia theluji ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza siku hiyo hiyo na kulundikana zaidi ya sentimita 70 mjini Minneapolis kabla haijakoma. Mvua ikitabiriwa, achana na karatasi, tumia kitambaa na selotepu.

Usiku kuna hatari gani hasa?

Magari. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko peremende zenye sumu zinazosemwa kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Pediatrics ulipitia ajali za Marekani za miaka 42, ukakuta kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa ni asilimia 43 zaidi jioni ya Halloween ukilinganisha na jioni za kawaida za majuma ya karibu, na walioongezewa hatari zaidi ni watoto wa miaka minne hadi minane. Nikisoma tarakimu hizo nawaona watoto wetu, wamevaa nguo nyeusi, wakikimbia kati ya magari yaliyoegeshwa.

Kwa hiyo bandika selotepu inayoakisi mwanga mgongoni, kifuani na kwenye mfuko wake. Ukikosa, foili na tochi mkononi ni afadhali kuliko giza. Viatu vyake vya kila siku, siyo vya mama. Kinyago kisizibe macho. Bora rangi ya uso. Vukeni pamoja kwenye kona, mkimshika mkono.

Kisha moto. Vibarazani kuna maboga yenye mishumaa, mara nyingi ngazini kabisa. Nguo za nailoni na poliesta haziwaki haraka kama pamba nyembamba, lakini zote huungua, na pamba ile ya kubandika kama ndevu au manyoya ya kondoo huwaka kama nyasi kavu. Mavazi yasiburute, mikono isiwe mipana kupindukia.

Na mtoto mchanga?

Usimfunge kitu shingoni, usimvike kinyago, usimbandike vitu vidogo anavyoweza kung'oa na kumeza, wala maputo. Mbeleko yako inatosha: mfunge mgongoni kwa kitenge cha kijani, mvike kofia ya njano, yeye ni hindi nawe ni mmea. Watu watawasimamisha njiani kuwasifu.

Kijana wa miaka kumi na tatu anasema amekua, lakini moyoni anataka.

Mpe kazi ya kuwasindikiza wadogo, naye avae kitu kidogo tu: ovaroli na kofia ngumu ya baba ya kazini, au kapu la nguo lililokatwa kitako, limening'inizwa mabegani kwa mikanda na kujazwa soksi. Wengine katika umri huu hukusanya pesa kwa ajili ya watoto wa UNICEF badala ya peremende. Mchango huo wa Halloween ulianza Philadelphia mwaka 1950.

Mitumba ya huku inapatikana wapi?

Goodwill, Salvation Army, na maduka madogo ya makanisa. Kuna jambo linanigusa kila nikiingia humo: sehemu ya yale yasiyouzwa hapa ndiyo yanayofungwa marobota na kufika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam. Tafuta shuka, mashati ya drafti, gauni la arusi la zamani, makoti marefu. Usiende upande wa mavazi ya Halloween, bei imepandishwa. Nenda upande wa nguo za kulalia.

Mtoto aseme nini mlangoni, na abebe nini?

Husema "Trick or treat", maana yake nipe kitu kitamu au nikufanyie utundu, halafu asante. Abebe foronya, haichaniki na inabeba kuliko ndoo za plastiki. Taa ya kibarazani ikiwaka, mnakaribishwa. Ikiwa imezimwa, piteni kimya. Miji mingi hutangaza saa, aghalabu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, na katika eneo letu la Columbus siku hii huitwa Beggars' Night, nayo miaka mingine imewahi kupangwa tarehe tofauti na Oktoba 31. Thibitisha kabla hujamvika mtoto.

Boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani kibarazani ni ishara kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo chakula, kwa watoto wenye mzio wa karanga, maziwa na mengineyo. Kama mwanao ana mzio, anza na nyumba hizo.

Baada ya hapo?

Mwaga peremende zote mezani, tupa zilizofunguka, soma maandishi ya zenye karanga. Ngumu na za mviringo waondolee wadogo, wanaweza kusakamwa. Masikio, mkia na vipande vya chai ya rangi vitie kwenye boksi moja na uliandike tarehe. Novemba 1 asubuhi nenda dukani: rangi za uso, hedibendi na selotepu inayoakisi mwanga zitakuwa zimeshuka hadi nusu bei au chini zaidi. Nunua mbili mbili, kwa sababu Oktoba ijayo kuna familia mpya itakayokupigia simu saa tisa alasiri.